Naomba ushauri: programu zangu za jeni zinapokezana data bila kuelewana

Mwanafunzi_Maabara:
Habari zenu wakuu. Nipo shahada ya uzamili, nachambua jeni za vimelea vya malaria (Plasmodium falciparum) kutoka sampuli za Kagera. Nafuatilia jeni mbili: kelch13, kwa ajili ya badiliko la R561H (linalohusishwa na usugu wa dawa ya artemisinin) lililoripotiwa Rwanda mwaka 2020 na baadaye huku kwetu Tanzania, na dhfr inayohusika na usugu wa dawa ya SP (sulfadoxine-pyrimethamine).

Nimeunganisha programu na huduma kadhaa kwa skripti. Wiki iliyopita protini ya dhfr ilitoka imejaa alama za kusimama katikati. Nikahesabu herufi moja moja: 1826, wakati jeni ina 1827. Kumbe nafasi za jeni nilizitoa kwenye faili la GFF, linaloanza kuhesabu na 1, nikazihamishia kwenye faili la BED, fomati nyingine ya kuandika nafasi hizo, linaloanza na 0. Herufi ya kwanza ikaliwa, usomaji wote ukayumba.

Kinachoninyima usingizi ni kelch13. Nayo ilipoteza herufi moja, 2180 badala ya 2181, ila kwa kuwa inasomwa kinyumenyume kwenye utepe wa pili wa DNA, iliyokatika ni ya mwisho kabisa. Protini ikatoka safi. Ningeichambua hiyo peke yake nisingeshtuka.

Nasikia kuna teknolojia za semantiki, ambapo kila huduma inatangaza inapokea nini na inatoa nini, kisha kompyuta inaziunganisha yenyewe. Zinamfaa mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato? Nianzie wapi?

Bi_Mfuatano:
Pole sana mdogo wangu, hilo limetupata wengi. Anza na ontolojia ya EDAM, yaani orodha iliyopangwa ya dhana za kazi hizi ambayo kompyuta inaweza kuisoma. Ina matawi ya mada, kitendo, data na fomati, na kila dhana ina anwani yake: GFF3 ni format_1975, BED ni format_3003. Ukiyatazama kwa macho, mafaili yote mawili ni maandishi yenye safu na namba. Kwa EDAM ni vitu viwili tofauti.

Kisha andika hatua zako kwa CWL (Common Workflow Language), lugha ya kueleza mtiririko wa kazi. Kila mlango wa kuingilia na kutokea unaubandika anwani ya fomati. Ukiunganisha hatua inayotoa GFF3 na inayotaka BED, hatua ya pili inagoma kabla haijaanza. Ila ubandike pande zote mbili; mlango wa kuingilia ukiachwa wazi, hakuna kinachokaguliwa.

Mzee_wa_Seva:
Hiyo ya kompyuta kuunganisha yenyewe ipo. Mfumo wa SADI ulikuwa na wazo zuri mno: huduma inapokea kitu katika RDF (namna ya kuandika data ili mashine ielewe maana yake) na kukirudisha kilekile kikiwa kimeongezewa sifa, hivyo mashine inajua nani anaweza kuongeza sifa unayoitafuta. Siku hizi kuna programu ya APE: unaipa ulichonacho na unachotaka, inatafuta minyororo ya programu kwa kutumia maelezo ya EDAM yaliyomo kwenye bio.tools, sajili ya programu za kibayolojia.

Lakini usitegemee huduma za mbali kwa tasnifu. Taverna, programu ya kuendesha mitiririko kutoka Chuo Kikuu cha Manchester, ilibeba mitiririko mingi sana ya aina hiyo. Seva ya mtu ikizimwa, mtiririko wako unakufa nayo. Mradi wenyewe wa Taverna ulistaafishwa na taasisi ya programu huria ya Apache mwaka 2020. Weka programu zako kwenye kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji), na toleo uliandike.

Kodoni:
Naheshimu yote hayo, ila mkuu, wewe ulikata safu kwa mkono ukaliita faili BED. Ukilibandika format_3003, lebo itadanganya na CWL itaiamini. Kugeuza GFF kuwa BED kuwe hatua yenyewe, ipunguze 1 mwanzoni na mwisho iuache, na mbele yake weka kipimo: urefu ugawanyike kwa 3. Kipimo hicho kingekamata hata kelch13 yako.

Angalia na majina ya kromosomu. Faili moja likisema Pf3D7_13_v3 na lingine 13, unaweza kupata faili tupu, na EDAM haitakwambia kitu.

Mwanafunzi_Maabara:
Asanteni sana wakubwa zangu. Jana usiku nimeandika hatua tatu tu: kugeuza, kukata, kupima. Kwa makusudi nikapeleka GFF moja kwa moja kwenye kukata, ikagoma. Nikairudisha hatua ya kugeuza: dhfr 1827, kelch13 2181. Leo narudia sampuli zote tangu ya kwanza, na msimamizi wangu nimeshamweleza.