Nimechoka kuosha sufuria za kanisa, hii bado ni upendo ama ni mazoea tu?

Mama_wa_Chai
Wapendwa habari za jioni, naomba msinirushie mawe kabla hamjamaliza kusoma. Niko kanisa moja hapa Kayole, si kubwa, ni la mabati na kajiko pembeni, na mimi niko kitengo cha chai na mapishi huu ni mwaka wa sita. Jumapili naamka saa kumi ya usiku nawacha watoto wamelala nakimbia kuwasha jiko maana chai ya ibada ya kwanza lazima iwe kwa chupa kabla ya saa mbili. Kama mfereji umekauka (na mnajua vile maji yetu huja kwa siku zake) nasimamisha mwenye mkokoteni nanunua mitungi na pesa yangu, nikirudishiwa sawa, nisiporudishiwa nanyamaza.

Sasa Jumapili iliyopita tulikuwa na mgeni kwa hivyo ilikuwa pilau. Ibada imeisha saa nane, watu wamekula, wamepiga picha na mgeni, wameenda. Tumebaki wawili, mimi na shosho mmoja wa kama miaka sabini, na sufuria tatu zile za harusi, moja imeshika chini mpaka imekuwa lami. Na baridi ya Julai si mnaijua. Nimesugua na waya nikaongeza majivu mpaka vidole vikapasuka, na huko ndani nasikia kwaya wanafanya mazoezi ya wimbo wa kupendana. Nilicheka peke yangu halafu nikajipata nalia, shosho akajifanya hajaona.

Kitu inaniuma zaidi ni hii. Mwezi wa tano nilifanyiwa oparesheni, nikalala wodini siku nne na nyumbani wiki tatu. Aliyekanyaga kwangu ni huyo huyo shosho, na ndizi zake. Kwa grupu ya wasapu ya kitengo nilitumiwa hivi: "Pona haraka mama, na funguo za stoo ziko na nani?"

Pasta husema kuhudumiana ndio upendo wenyewe na mimi naamini kabisa. Lakini mtu akihudumu na moyo umejaa uchungu, Mungu anahesabu nini hapo? Na nikisema napumzika miezi mitatu, ni dhambi?

Jamaa_wa_Pipeline
Funguo za stoo imenimaliza hahaha, pole lakini.

Dada pumzika. Mimi nilibeba spika za kanisa miaka minne, asubuhi nazitoa jioni nazirudisha, mvua inyeshe isinyeshe. Siku moja nikashikwa na malaria sikufika, simu zikaanza kuingia nikasema ehe leo nimekumbukwa, kumbe wanauliza waya ya kinanda iko wapi. Nikahama. Sai naenda kanisa moja kubwa ya watu wengi, naketi nyuma, nasikiza, natoka. Raha mstarehe.

Ila nisikudanganye, huu ni mwaka wa pili na hakuna mtu huko anajua jina langu.

Mzee_wa_Umoja
Binti yangu shikamoo sitaidai, najua nyinyi wa Nairobi mmeisahau. Nimesoma maneno yako mara mbili na nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu kwa hivyo kuna mahali umenigusa na mimi mwenyewe, nitajibu kwa urefu univumilie.

Ile aya pasta wako bila shaka anaitumia ni Wagalatia 5:13, tumikianeni kwa upendo. Sasa itazame hiyo tumikianeni vizuri. Haikusema tumikeni. Kuna ile "ana" katikati, na sisi tunaoongea Kiswahili tunajua kazi yake, watu hawawezi kusalimiana kama ni mmoja tu anatoa mkono. Kama ni wewe peke yako unatumika na wengine wanatumikiwa basi bado hamjatumikiana, ni wewe unatumikishwa, hilo ni neno lingine. Na ukishuka mpaka aya ya 15 utaona Paulo anawaonya hao hao kwamba wakiumana na kulana waangalie wasije wakaangamizana. Ona zote zina "ana", kuumana, kulana, kuangamizana. Hao Wagalatia walikuwa kwa vita vya nani ni wa kweli na nani atahiriwe, na ni kama anawaambia hamwezi kukaa pamoja mkose kufanyiana kitu, chagueni tu ni kitu gani. Tena neno aliloandika kwa Kigiriki linatokana na mtumwa, na mstari huo huo umeanza kwa kuwaambia mliitwa mpate uhuru. Kwa hivyo ni mtu huru anainama kwa kupenda kwake. Asiyeweza kukataa hajainama, ameinamishwa. Hapo ndipo najibu swali lako, kupumzika si dhambi.

Lakini nina swali na wewe usikasirike. Yohana 13 tunapenda kuhubiri habari za Yesu na beseni na kitambaa, tunaruka habari za Petro. Petro alikataa, akasema hutanitawadha miguu kamwe, na alidhani anaonyesha heshima. Akaambiwa kama nisipokutawadha huna shirika nami. Kuna watu, na mke wangu ni mmoja wao, wanaweza kupikia mtaa mzima lakini ukimwambia keti nikuletee maji ni kama umemtusi. Ulipougua, mbali na grupu, ulimwambia nani kwa mdomo wako kwamba unahitaji mtu wa kukufulia?

Dada_wa_Sabato
Mzee umenikumbusha. Sisi kwetu kabla ya Meza ya Bwana, ambayo huwa kila robo ya mwaka, tunaoshana miguu kwanza, wanaume upande wao na wanawake upande wao, unachukua beseni unatafuta mtu. Watu wengi hukimbilia rafiki zao, mimi pia, mpaka siku moja nikachelewa kutoka nje na mtoto nikapata aliyebaki ni mama mmoja tulikuwa tumekosana vibaya juu ya pesa ya chama, karibu mwaka hatuongei.

Nikamwosha. Yeye husimama Gikomba kutoka asubuhi mpaka usiku na visigino vyake vimepasuka ile ya kuingiza kidole, na nilikuwa nimemsema huyo mama kwa watu wengi sana lakini sikuwa nimewahi kufikiria anatembea na maumivu hivyo. Hiyo ilikuwa rahisi. Zamu yake ya kuniosha ndio nilitaka ardhi ipasuke, soksi yangu ilikuwa imetoboka kidole gumba na nilikuwa nimezoea kumwona kama mtu mdogo. Sikujua niangalie wapi nikaangalia dari. Alipomaliza akanipangusa katikati ya vidole kama vile unapangusa mtoto.

Pesa hajamaliza kulipa mpaka leo kwa taarifa yenu. Lakini tunaongea.

Shemasi_bila_Cheo
Mzee wa Umoja heshima zako, hiyo ya "ana" nimeiandika kando. Ila nitakupinga kidogo. Mahubiri ya Petro na beseni mara nyingi huhubiriwa kwa watu ambao tayari wako jikoni, na wale wamekaa mbele hawaambiwi kitu. Huyu dada ameamka saa kumi ya usiku miaka sita halafu tunamuuliza kama ana kiburi cha kukataa kusaidiwa? Tuanze na wale walikula pilau wakaenda.

Someni Matendo 6. Wajane wa Kiyahudi waliokuwa wakiongea Kigiriki walikuwa wanasahaulika kwa mgao wa chakula wa kila siku, kukawa na manung'uniko. Mitume hawakuwaambia wajane waombe zaidi, na hawakusema anayenung'unika hana upendo. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia hiyo kazi. Na wote saba ni wanaume, Stefano, Filipo na wenzao, majina yote ni ya Kigiriki, yaani kazi ilipewa watu wanaofanana na upande ule uliokuwa umelalamika. Wanaume saba wazima na kazi waliyochaguliwa ni ya chakula, na mmoja wao ndiye huyo baadaye alipigwa mawe. Nikisoma hiyo halafu niangalie vile jumba letu huwa baada ya harambee, wababa wamesimama nje na vijiti vya meno wakiongea siasa, naona kuna kitu tuliruka.

Dada andika zamu. Weka kwaya, weka vijana, weka wazee, kila Jumapili watu sita, ibandike kwa mlango. Na hiyo pesa ya maji uidai kwa mweka hazina, uende na karatasi, usione haya.

Mama_Jumuiya
Nilikuwa napita tu lakini wacha niseme kitu. Mimi ni Mkatoliki, Kariobangi, na kwetu hiyo kazi hufanywa na jumuiya ndogo ndogo, maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya sabini. Ubaya wa kanisa kubwa ni kwamba ukikosa hakuna anayeona. Jumuiya ni zile nyumba chache za plot zetu, tunasali kwa nyumba ya huyu wiki hii na ya yule wiki ijayo, ukikosa mara mbili mtu anakuja kugonga. Baba yangu alipofariki nilirudi kutoka mochari nikapata kuna sukari, unga, jiko limewashwa, na mtu ameshanichukulia watoto shule. Sikuwa nimemwambia mtu.

Si ati sisi ni malaika. Tuko na wale wa kutoa mia mbili halafu wanataka itangazwe kwa misa, na tuko na mwenyekiti anapenda kuandika majina ya wasiotoa. Na Alhamisi Kuu padri akiosha miguu ya wale kumi na wawili utaona wamekuja wameoga mara tatu na viatu vipya, sasa hapo anaosha nini jamani. Papa Francis mwaka 2013 alienda kuoshea kwa jela ya vijana kule Roma, na wasichana walikuwemo, watu wakalalamika sana, mimi nilifurahi.

Mama wa Chai, huyo shosho wa ndizi ana nani? Hiyo ndio nilitaka kuuliza kutoka mwanzo.

Jamaa_wa_Pipeline
Eh. Hilo swali la mwisho.

Mama_wa_Chai
Nimerudi, samahani nilinyamaza, nilikuwa nimekasirika kidogo na Mzee wa Umoja nikaona nisijibu na hasira. Halafu nikaona ako na ukweli nusu. Kuna wamama wawili wa kitengo walinipigia simu nikiwa nimetoka hospitali, wakasema wanakuja Jumamosi. Nikawaambia niko sawa msijisumbue. Sikuwa sawa. Ni vile nyumba ni chumba kimoja na ilikuwa imejaa nguo chafu, ndoo iko karibu na kitanda, nikaona watanipata hivyo halafu Jumapili wananiangalia wakijua. Hiyo sikuwa nimewaambia kwa swali langu la kwanza. Shosho yeye hakuuliza, alikuja tu, ndio maana aliingia.

Lakini Shemasi pia ako na ukweli nusu ingine na hiyo nusu ndio nilipeleka kwa kamati. Nilienda na karatasi ya maji, miezi minne, mweka hazina akaangalia akasema hakujua, na mimi naamini hakujua maana sikuwa nimewahi kumwambia. Zamu tumeandika. Mwalimu wa kwaya alisema kwaya ina sauti ya kulinda na haiwezi kushika maji baridi, pasta akamwambia basi yeye mwenyewe ataanza, na Jumapili alivua koti akaosha sufuria. Ameosha ndani vizuri, nje akawacha masizi yote. Wababa wawili walibeba maji. Mmoja aliuliza kama waya na spanji ni kitu kimoja.

Mama Jumuiya, shosho anaishi peke yake huko Matopeni, mtoto wake mmoja aliishia Uarabuni na simu huingia mara moja moja. Miaka sita nimepika na yeye na sijawahi kufika kwake, nimeona haya kuandika hii. Nimeenda jana. Nikafua blanketi mbili, alisimama mlangoni wakati wote akiniambia wacha, wacha hiyo mama, nitafua kesho.

Jumapili tulimkalisha kwa kiti na kikombe ya chai. Alisimama mara tatu kuangalia kama maji yamechemka.

Sijaamua kama nitapumzika hiyo miezi mitatu. Labda mwezi mmoja. Na kuna mtu anajua vile ya kutoa pilau iliyoshika chini bila kumaliza vidole?

Dada_wa_Sabato
Weka maji na magadi vijiko viwili, chemsha kidogo, funika, wacha ilale hivyo mpaka asubuhi. Itabanduka yenyewe kama ganda. Majivu wacha, yanakumaliza mikono.

Jamaa_wa_Pipeline
Hiyo kanisa yenu iko upande gani wa Kayole? Spika mnabeba ama mko na mtu?