Mama kaambiwa mji unapewa hati, kabeba picha za pasipoti

Fundi wa Kayole anauliza:

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani hapa Kayole, nyumbani ni Ukambani. Wiki jana mama alinipigia simu kwa furaha: chifu ametangaza baraza, mji wetu unapewa hati. Sasa kwetu hati ni moja tu, ya shamba. Marehemu baba alikufa akiisubiri. Basi mama akaamka alfajiri, akabeba nakala ya kitambulisho, picha mbili za pasipoti na risiti ya mpimaji iliyokunjwa mpaka imepasuka katikati, akapanda boda.

Kufika, kumbe ni hati ya manispaa, ya kuupandisha mji cheo. Kijana wa koti la suti akasoma karatasi za Kiingereza karibu saa nzima. Watu wakapewa soda na mkate, wakatia sahihi kwenye orodha, wakaenda zao. Eti hayo ndiyo maoni ya wananchi. Kuna kikao kingine Alhamisi ijayo.

Mama ana ng'ombe wawili, kuku na ekari mbili, kama kilomita moja na nusu kutoka sokoni. Jirani amemtisha kwamba ng'ombe watafukuzwa na shamba litaanza kulipiwa kodi. Mimi kanjo, askari wa jiji, nimewazoea, nikisikia filimbi najua pa kuficha mashine. Yeye atawawezea wapi? Anayeijua hii sheria anieleze taratibu.

Mzee wa Mahindi Choma:

Uza ng'ombe sasa hivi. Na shamba la urithi litageuzwa liisi, yaani la kukodishwa na serikali, ya miaka 99, andika hapo.

Karani Mstaafu:

Mzee wa Mahindi, acha kumtisha mama wa watu. Mji kupewa hati hakugusi hati ya mtu ya shamba. Aliye na umiliki wa kudumu anabaki nao.

Fundi, mimi nilikuwa karani kwenye baraza la mji mmoja mdogo, sasa nimestaafu niko Buruburu. Enzi zetu tulifuata Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Mabaraza yalikuwa 175 nchi nzima, yakafa yote na uchaguzi wa Machi 2013. Meya akaenda na mkufu wake, madiwani wakaenda. Badala yake ikashika Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Hiyo mwanzoni ilitaka watu 250,000 ndipo mji uitwe manispaa, na 500,000 uitwe jiji. Niambie, ni miji mingapi Kenya ina watu hao? Mwaka 2019 wakairekebisha: manispaa 50,000, jiji 250,000, na makao makuu ya kaunti yanaweza kuwa manispaa hata yakiwa na watu wachache. Ndiyo maana siku hizi manispaa zimechipuka kama uyoga.

Halafu kuna hela. Benki ya Dunia ilileta mpango wa kusaidia miji katika kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, na masharti yake mojawapo yalikuwa mji uwe na hati na bodi. Ukiona gavana ana haraka ya hati, chungulia nyuma yake kuna nini. Sisemi ni vibaya. Ziko barabara na taa zilizojengwa kwa pesa hizo.

Kodi: Katiba, kifungu cha 209, inaipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi, manispaa iwepo isiwepo. Lakini kwa kawaida kwanza huandaliwa orodha ya thamani ya mashamba, na siku hizi kodi hiyo inaongozwa na sheria ya kitaifa ya 2024. Ng'ombe nao hawafukuzwi na hati. Ni mambo ya sheria ndogo, na hizo hupitia bunge la kaunti, kwa hiyo MCA wenu, mwakilishi wa wadi kwenye bunge hilo, hawezi kujifanya hajui.

Kwa hiyo Alhamisi mama asianze na kodi, aulize RAMANI. Mpaka wa manispaa unapita wapi? Kilomita moja na nusu ni ndani au nje? Nimeona ramani zilizochorwa kwa rula ofisini, mpaka unapita katikati ya zizi la mtu. Mpaka ukishapitishwa, kuurudisha ni kazi.

La pili, bodi. Hati ya manispaa hutolewa na gavana baada ya bunge la kaunti kupitisha, ya jiji hutolewa na rais baada ya Seneti. Manispaa husimamiwa na bodi ya watu 9 na meneja. Hakuna hata mmoja utakayempigia kura. Hapo ndipo huwa nauma meno. Diwani wa zamani, hata awe mlevi, ungemgongea mlango usiku umuulize kwa nini mtaro umeziba. Sasa MCA atakwambia nenda kwa meneja, na meneja atakwambia bajeti iko kaunti. Aulize: bodi inakabidhiwa kazi zipi, na pesa za kila kazi zitatoka fungu gani? Takataka? Soko? Machinjio? Wasipojibu, ajue wanapewa kibao cha barabarani na sherehe.

Na ukitaka kumjengea mama nyumba, kibali cha ujenzi tayari ni cha kaunti. Usisubiri hati ndiyo ukumbuke.

Mnyoosha Nywele Pangani:

Mimi ni wa Nakuru. Tulipopewa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 tulicheza barabarani. Mwezi uliofuata mwenye nyumba wa dada yangu akapandisha kodi, akasema "sasa mko jijini." Choo cha ploti kilikuwa kilekile, na mlango wake bado unafungwa kwa waya.

Karani Mstaafu:

Hahaha. Hiyo ndiyo kodi ambayo haiandikwi kwenye sheria yoyote. Hata Nairobi, hati ya mfalme ililetwa na Duke wa Gloucester tarehe 30 Machi 1950, na leo hatuna hata bodi ya jiji, kaunti ndiyo jiji. Baraza lilikufa 2013, lakini askari bado mnawaita kanjo, yaani "council", baraza.

Fundi wa Kayole:

Asante sana mzee wangu. Nimempigia mama, nimemwandikisha maswali mawili kwa Kikamba nyuma ya ile risiti ya mpimaji: ramani, na pesa za takataka. La ng'ombe nitamfuata MCA mwenyewe. Alhamisi nafunga kibanda niende naye.

Ana swali moja, nisaidieni kujibu. Zile picha mbili za pasipoti alimpa kijana wa suti. Anauliza, zitarudishwa?