Watoto wanataka kulala kwenye hema, Mwanza, Julai

Baba Mapacha, Minneapolis (Mei)

Habari za kwenu wana Mwanza popote mlipo. Wakubwa shikamooni.

Nina jambo dogo linaninyima usingizi. Tunakuja nyumbani Julai kwa wiki tatu: mimi, mama watoto na mapacha wetu wa miaka tisa. Hawa wamezaliwa huku, na kwao likizo maana yake ni hema. Kila kiangazi tunakodi nyumba ya magurudumu, ile gari yenye kitanda, jiko na choo humo humo, tunaiegesha kando ya ziwa kwenye hifadhi ya jimbo letu la Minnesota. Unachomeka waya wa umeme, unaunga mpira wa maji, na siku ya kuondoka unapitia mahali pa kumwaga uchafu wa choo. Kazi hiyo ni ya baba, sijaona anayeigombea. Mchana mtumbwi, jioni nyama juu ya moto. Nafasi tunaanza kuiwinda siku 120 kabla, maana ndipo jimbo linafungua kitabu, na ukichelewa kuamka umekosa.

Sasa nikawaambia kwetu pia kuna ziwa, tena moja tu linayameza maziwa yao elfu kumi yote. Nikajisifu weee. Wakaniuliza: hema tutapiga wapi? Nikakosa jibu. Nimekulia Igogo, mawe juu mawe chini, na miaka kumi na tisa niliyoishi pale sikuwahi kulala ufukweni kwa hiari yangu. Aliyelala ufukweni alikuwa mvuvi, au amefukuzwa kwao.

Naomba ushauri: mahali, boti, gari, na vitu vya kubeba toka huku. Msinicheke sana.

Dada wa Houston

Kaka, karibu. Ya hema nawaachia wengine, mimi nina neno juu ya konokono.

Mwaka 2022 nilikwenda na wanangu wawili. Mchana mmoja wakachezea maji ya magotini, pembeni ya matete, maji yametulia kama ya beseni. Mimi nimekaa kwenye jiwe nakula karanga, nafurahi wanajifunza ziwa la mama yao. Baada ya wiki kama tano, tuko Houston, mkubwa akaanza homa, kikohozi, vipele mwilini, tumbo linauma. Hospitali tuliyokwenda wakasema mafua. Tukarudi, wakasema mzio. Mara ya tatu nikawaambia mwenyewe: tulikuwa Ziwa Victoria, mpimeni kichocho. Nikawaandikia na jina kwa Kiingereza. Kikaonekana.

Sisi tumezoea kwamba kichocho ni kukojoa damu. Cha ziwani kwa kawaida ni kile cha tumbo, kwa hiyo usisubiri kuona mkojo mwekundu. Vijidudu vinatoka kwa konokono waishio kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, vinapenya ngozi kwa dakika chache tu, hata mtoto asimeze tone. Maji ya kuoga yawe yamechemshwa, au yamekaa kwenye tangi siku mbili. Ukiingia kwa bahati mbaya, jifute haraka kwa taulo, ila hiyo isikupe moyo. La maana ni kupima watoto wakiisharudi, miezi miwili hivi baadaye, hata kama hawaumwi. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, inatolewa kwa uzito wa mtoto na inatibu vizuri.

Na malaria. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga kama tuliyokuwa nayo sisi. Wamuone daktari kabla ya safari wapewe vidonge vya kuzuia, na neti ndani ya hema ni lazima. Wavu wa hema la Kimarekani unazuia mbu zipu ikiwa imefungwa, na mtoto wa miaka tisa hajawahi kufunga zipu.

Mjomba wa Luchelele

Marahaba wanangu. Mwangaluka.

Mimi nilikaa Uholanzi miaka kumi na moja, nikarudi, sasa natengeneza mashine za boti. Kwa hiyo nitaanza na maji.

Julai ni kiangazi, mvua hakuna, lakini upepo wa kusi upo na ziwa linachafuka. Asubuhi kunakuwa shwari. Kuanzia adhuhuri upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi yanainuka, na mtumbwi mwembamba unaanza kunywa maji. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu, saa tano muwe mmerudi. Anayekwambia twende jioni tukaone jua likizama katikati ya ziwa, mwambie jua linaonekana vizuri tu ukiwa umekaa juu ya jiwe.

Pili, jaketi okozi. Sina haja ya kuwakumbusha meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018, iliyopinduka pale Ukara watu wameshaanza kusimama washuke. Nitawasimulia dogo la kwangu. Mwaka juzi nilipanda boti ya kukodi na wageni. Jaketi zilikuwepo, nane, safi, zote za watu wazima. Mtoto wa miaka sita akavalishwa moja. Nikamwambia baba yake amnyanyue kwa mabega ya jaketi. Akanyanyua, jaketi likapanda, mtoto akabaki chini. Mwenye boti akacheka. Mimi nikashuka.

Huko Minnesota sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi boti ikiwa inatembea. Wewe njoo na za wanao, zile za sponji, ziingie sandukuni badala ya zawadi za manukato. Zijaribuni kwa kunyanyua kama nilivyosema.

Mahali sasa. Saanane ni karibu, dakika chache kwa boti toka Capri Point. Si saa nane ya mchana, watoto watauliza: ni jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi na kulima pale kabla kisiwa hakijafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Kuna swala, pimbi, mijusi yenye vichwa vyekundu. Nendeni kwa siku moja, mpande mawe, mle, mrudi.

Kama mnataka kambi ya kweli, Rubondo. Hifadhi tangu 1977, msitu mpaka majini, hakuna simba wala chui, ndiyo maana nawashauri wenye watoto. Kuna tembo na twiga waliopelekwa, na nzohe, swala wa majimaji ambaye huku kwingine humuoni. Sokwe wa pale historia yao itawafurahisha mapacha: mababu zao walikuwa diaspora. Kati ya 1966 na 1969 walitolewa kwenye bustani za wanyama za Ulaya wakaletwa kisiwani, wakaachiwa wajitafutie, na wakaweza. Lakini mamba wapo. Watoto wasiguse maji, hata kunawa mikono.

Kiingilio: wewe ukiwa na pasipoti ya Tanzania unalipa kama raia, kwa shilingi. Watoto wenye pasipoti ya Marekani wanalipa kama wageni, hata wakiongea Kisukuma getini. Omba namba ya malipo mapema.

Ukipenda ufukwe wa karibu, upande wa Ilemela na Igombe kuna maeneo yenye ukuta na mlinzi wanaoruhusu hema. Usijipigie tu hema popote. Ongea na mwenye kiwanja, halafu mwenyekiti wa mtaa ajue. Na angalia ardhi: ukiona njia pana imekwaruzwa toka majini kwenda kwenye nyasi, hiyo ni njia ya kiboko, naye anaitumia usiku.

Kijana wa Nyakato

Shikamoo mjomba. Bro, nyumba ya magurudumu Mwanza hautapata, na ukiipata utaichomeka wapi? Kuna Land Cruiser zenye hema juu ya paa, nyingi zinatokea Arusha, bei imechangamka. Kodi Noah, weka hema lako nyuma, yatosha.

Rubondo siku hizi ni rahisi. Kivuko cha Kigongo cha kusubiri masaa kimekwisha, tangu Juni 2025 unapita juu ya daraja la JPM, yaani John Pombe Magufuli, kilomita tatu za maji, dakika chache uko Busisi. Unaendelea Sengerema, Geita, mpaka Muganza, unapanda boti.

Vigingi vya hema acha huko. Hapa ni mwamba, utapinda vyote. Beba kamba ndefu, mawe tunayo. Mitungi midogo ya gesi ya kambi hairuhusiwi kwenye ndege. Nunua mtungi wa kilo sita hapa na kichwa cha jiko, unapika mwezi. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu usije nayo, ilipigwa marufuku 2019. Mifuko ya usingizi ya baridi ya Minnesota mtaiva humo ndani. Mashuka na blanketi jepesi.

Mama wa Ukerewe, sasa Leeds

Nimesoma yote, nimeona konokono, upepo, kiboko, na hakuna aliyemtaja bibi.

Baba Mapacha, mama yako yupo hai, ana nyumba? Umemwambia kwamba unakuja na wajukuu toka Marekani kisha utalala porini kwenye kitambaa? Mimi nilifanya hivyo Nansio. Tulipiga hema uani kwa mama, hatua kumi toka mlangoni, mume wangu Mwingereza akidhani anapunguza usumbufu. Mama hakusema kitu. Asubuhi majirani watatu walikuja kumpa pole. Walidhani tumegombana, au nyumba ina kunguni.

Laleni kwake kwanza, siku tano, sita. Mle, mshibe, watoto wapelekwe kwa shangazi zao wote. Hema baadaye, na yeye mualikeni. Atakataa. Mualikeni tena.

Baba Mapacha, Minneapolis (Agosti)

Wabeja sana, wote. Tumerudi salama, nawapa ripoti.

Mama nilimwambia kwa simu kabla ya safari. Alinyamaza, akauliza, "Hiyo nyumba ya turubai ina dirisha?" Nikasema lina. Akasema basi. Tulilala kwake siku sita kama tulivyoagizwa.

Rubondo hatukufika. Nilipojumlisha boti na viingilio vya watoto wawili wageni nikaona heri Desemba ya mwaka mwingine. Saanane tulikwenda, pimbi wakaiba biskuti. Boti tuliikodi asubuhi, saa nne tumerudi, jaketi za watoto tulikuwa nazo, na nahodha akaomba tumwachie moja kwa ajili ya mwanawe. Tumemwachia zote mbili.

Kambi tulipiga upande wa Igombe, siku mbili, na mama alikuja. Alikataa mara mbili, ya tatu akaja na kiti chake, sufuria yake na mkaa wake kwenye kiroba, maana mkaa wa dukani haujui umetokana na mti gani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa saa. Huku Julai saa tatu usiku bado kuna mwanga, mtu unapiga hema taratibu unaongea. Kule saa moja kasoro jua limezama, na giza halibishi hodi. Nilifunga kamba ya mwisho kwenye jiwe kwa taa ya simu, watoto wanalia njaa.

Kuhusu moto. Kwenye jiko langu la gesi Minneapolis nachoma kwa kipimo, nachomeka sindano kwenye kuku, ikisoma nyuzi 74 natoa. Nilikuja nayo. Mama akaitazama akauliza samaki ana homa? Akanisogeza. Tulikuwa tumenunua sato wanne wakubwa mwaloni asubuhi, siyo wale wadogo wanaouzwa kwa kificho. Chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa na mama hata bei hakuuliza. Akawachanja mbavuni mistari mitatu mitatu, chumvi na ndimu mpaka ndani ya kichwa, akawaning'iniza wapigwe upepo ngozi ikauke. Nikataka kuwaweka mwali ukiwa bado unaruka, akanipiga mkono. Tukasubiri mkaa uvae jivu. Wavu ukapata moto kwanza, ukapakwa mafuta, ndipo samaki. Na hakuna kugeuza geuza, samaki akiwa tayari anajiachia mwenyewe kwenye wavu. Ugali, kachumbari, pilipili ya kusaga. Mmoja wa mapacha, ambaye huku hali samaki mwenye macho, alikula macho.

Usiku kulipoa, ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na upepo ule haukuwa wa mchezo. Mama akataka kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema wajukuu wapate joto. Hapo ndipo nilipobishana naye mara moja tu safari nzima. Nilimwambia ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini, mlango ukiwa umefungwa. Alinuna, akalala na blanketi zote mbili. Akina baba, hapo msilegee, hata aliyewazaa akikasirika.

Saa nane usiku nikasikia zipu. Nikatoka. Mama amekaa kwenye kiti chake anaangalia taa za wavuvi wa dagaa, mamia, kama kuna mji mwingine katikati ya maji. Akasema babu wa mapacha alikuwa mojawapo ya zile taa, na yeye alikuwa anakaa hivi hivi nyumbani akizihesabu, kwa hofu. "Leo ndiyo nimeziangalia tu." Nikakaa chini pembeni yake mpaka baridi ikatuingiza ndani.

Watoto hawakugusa maji ya ukingoni, labda mara moja mpira ulipoingia. Vipimo ni Septemba, Dada wa Houston, nimeshaandika kwenye kalenda.

Mtungi wa kilo sita umebaki kwa mama, una gesi nusu. Anayekwenda Desemba aniandikie nimwambie mama ampe. Kiti siyo cha kuazima.