Tamthilia za Kikorea au programu ya AI: nilipie kipi kujiandaa na TOPIK I?

NyotaYaAsubuhi

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, nimekwama.

Huu ni mwezi wa kumi natazama tamthilia za Kikorea, kila usiku sehemu moja, wikendi hata tatu. Kuna siku naelewa jambo kabla macho hayajafika kwenye tafsiri, na kwa sababu hiyo nikaamini kwamba ninajifunza. Wiki iliyopita nikapakua mtihani wa zamani wa TOPIK I, ule mtihani wa lugha ya Kikorea ngazi ya mwanzo, nikajifungia chumbani na kujipima kwa muda uleule wa mtihani. Kusikiliza nimepata 19 kati ya 30. Kusoma nimepata 11 kati ya 40, na ndani ya hizo 11 zipo nilizobahatisha. Iliniuma sana.

Kwa mwezi nina uwezo wa kulipia kitu kimoja tu. Ama niendelee na huduma ya tamthilia, ama niisimamishe nilipie programu ya akili mnemba, ile ya kuongea nayo kwa sauti ikakujibu kwa Kikorea na kukusahihisha. Rafiki yangu anaitumia na tamthilia ameziacha kabisa. Mimi nazipenda, ndizo zilizonifanya niipende lugha yenyewe, lakini sitaki mapenzi hayo yanipotezee mwaka mwingine. Nataka kufanya mtihani mwaka ujao, nipate daraja la 2. Mliopita njia hii mlifanyaje?

Nahodha

Kabla ya ushauri, swali moja. Unasoma Hangul yenyewe, au unasoma Kikorea kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini?

NyotaYaAsubuhi

Herufi nazijua zote mkuu, ila nasoma polepole mno. Neno refu nikifika mwisho wake, mwanzo umeshanitoka. Na daftari langu lote nimeandika kwa herufi zetu, "gwaenchana", "mianhae", namna hiyo.

Nahodha

Basi hizo 11 zimejieleza zenyewe.

Sehemu ya kusoma ni maswali 40 kwa dakika 60, yaani dakika moja na nusu kwa swali, pamoja na vifungu vyake. Anayesoma silabi moja moja hata akijua maneno yote, muda utamkuta katikati. Hangul ina herufi za msingi 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10. Mfalme Sejong aliitunga mwaka 1443, ikatangazwa 1446, ili watu wa kawaida ambao hawakuweza herufi za Kichina nao waandike ya moyoni mwao. Kuzijua ni kazi ya siku chache. Jicho kuzizoea ndiko kunakochukua miezi, na wewe miezi kumi jicho lako limekuwa likisoma tafsiri.

Lifunge hilo daftari, dada. Liandike upya lote kwa Hangul, hata likikuchukua wiki mbili. Hapo hulipii chochote.

Jambo la pili, wengi hawaliangalii kabla ya kutoa hela. TOPIK I ina kusikiliza na kusoma tu. Insha imo TOPIK II, na kuongea ni mtihani wa peke yake. Alama zote ni 200, daraja la 1 linaanzia 80, la 2 linaanzia 140. Kwa makadirio wewe sasa una kama 90. Hizo 50 zinazopungua nyingi ziko kwenye kusoma. Programu unayotaka kuilipia itakufundisha kuongea, na mtihani wako hauulizi kuongea.

MkonoWaKushoto

Nahodha, hapo mwisho sikubaliani na wewe. Hakuna anayejifunza lugha ili azibe viduara kwenye karatasi. Mimi maneno yalianza kunikaa kichwani siku niliyolazimika kuyatoa mdomoni. Kabla ya hapo nilikuwa nayasoma jioni, asubuhi hayapo. Anayeweza kutunga sentensi, akiikuta kwenye mtihani anaitambua kama mtu wa nyumbani kwao.

Natumia AI kila siku, mwaka wa pili sasa. Dada, utakachokipata kitategemea maagizo unayoipa. Ukiiacha huru inakusifu tu, kila sentensi "vizuri sana", inaendelea na maongezi na kosa lako linabaki palepale. Niligundua hivyo kwa kuitega. Kwa makusudi niliandika 책이 읽어요 badala ya 책을 읽어요. Hapo nimesema kitabu ndicho kinachosoma! Ikanisifu, ikaniuliza kitabu chenyewe kinahusu nini.

Tangu hapo kila mazungumzo nayaanza na maagizo haya: usinisifu, kila sentensi yangu iandike upya ilivyo sahihi kabla ya kujibu, nionyeshe kosa moja kubwa tu, tumia kauli ya adabu inayoishia na -yo, usitoke nje ya orodha yangu ya maneno. Halafu naibandikia maneno ninayojifunza wiki hiyo. Imebadilika kabisa. Mtego naendelea kuuweka mara moja kwa wiki, ikiupita najua siku hiyo nisiiamini.

Kwenye maelezo ya sarufi, isadiki nusu. Inaweza kukupa kanuni ambayo haipo, kwa sauti ileile ya uhakika inayotumia kukupa kanuni ya kweli. Nahakikisha kwenye kamusi ya wanafunzi ya Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea. Iko mtandaoni bure, ina mifano ya sentensi na sauti.

ChandaChema

Mdogo wangu, nimesoma mwaka mzima wa lugha huko Daejeon, Korea Kusini, kabla ya kuanza chuo, nikamaliza na daraja la 4. Na mimi nilifika huko nikiwa mtoto wa tamthilia kama wewe. Acha nikueleze zilichonipa na zilichoniharibia.

Zilinipa sikio. Wenzangu darasani walijua sarufi kunizidi, lakini mwalimu akiongea kwa kasi yake ya kawaida walibaki wameduwaa, mimi naandika. Hizo 19 zako za kusikiliza zimetoka hukohuko, usizidharau.

Zilichoniharibia ni adabu. Kwenye tamthilia nyingi unawasikiliza wapenzi, ndugu, marafiki wa utotoni, na mabosi wakigombeza watu. Karibu wote hao wanatumia banmal, kauli ya waliozoeana au ya mkubwa kwa mdogo, na ndiyo iliyonijaa mdomoni. Wiki ya kwanza mwalimu mtu mzima aliniuliza kama nimeelewa, nikajibu "eung". Ni "ndiyo" kweli, ila ndiyo ya kumjibu mdogo wako. Nilipaswa kusema "ne". Darasa zima lilinyamaza. Mwalimu alinisahihisha kwa upole, nami nilitamani ardhi inimeze.

Tafsiri ndiyo inayokuficha mambo haya. Umetazama Squid Game? Ali, yule mfanyakazi kutoka Pakistan, anamwita Sang-woo "sajangnim", yaani bosi, mpaka Sang-woo mwenyewe anamwambia amwite "hyung", kaka. Sisi tunaoitana kaka na dada tunajua uzito wa kutolewa kwenye "bosi" na kupewa "kaka". Yanayotokea baadaye kati yao yanauma maradufu kwa sababu ya neno hilo. Kwa Kiingereza halina mahali pa kukaa, kwa hiyo mwenye kusoma tafsiri tu linampita.

Ndiyo maana nasema usiache tamthilia, badilisha namna ya kutazama. Kwenye Netflix tamthilia nyingi za Kikorea zina maandishi ya Kikorea pia, siyo tafsiri tu. Chukua kipande cha dakika moja, mbili zikizidi. Mara ya kwanza kitazame bila maandishi yoyote. Mara ya pili kisikilize sentensi kwa sentensi, ukiandika kwa Hangul unachosikia, ukikosea ukosee. Mara ya tatu fungua maandishi ya Kikorea ulinganishe. Penye tofauti ndipo pa kujifunza. Tafsiri iwe ya mwisho kabisa. Utachoka, dakika moja itakula jioni nzima, lakini hapo unasikiliza na kusoma kwa pamoja.

Kuwa mwangalifu na unachokichagua. Tamthilia za wafalme weka pembeni, lugha yake hutaisikia dukani wala darasani. Crash Landing on You ni nzuri mno, ila wahusika wengi wanaongea kwa lafudhi na maneno ya Kaskazini. Bora hadithi za ofisini, ambako wanasema -yo na -mnida, miisho ya adabu, siku nzima. Vipindi vya burudani visivyo na hadithi navyo usivisahau. Watayarishaji wa Korea wana desturi ya kuandika kwa Kikorea, kwa herufi kubwa juu ya picha, mengi ya wanayoyasema watu. Ni masomo ya kusoma yanayokufuata mwenyewe.

Nahodha

Hili la kuandika unachosikia naliunga mkono kwa mikono miwili. Ndugu MkonoWaKushoto, nami nakubali kuongea kunasaidia kumbukumbu. Ninachosema ni kwamba hela yake ni ya kitu kimoja.

FundiSauti

Naongezea la matamshi, kwa sababu hapa AI inadanganya bila kujua.

Kikorea kina 달 (dal) mwezi, 탈 (tal) barakoa, 딸 (ttal) binti. Ya kwanza ni laini, ya pili ina pumzi, ya tatu imebanwa kooni. Wanaoongea Kimvita wana mwanzo mzuri hapa, kwa sababu paa la nyumba na paa mnyama kwao havitamkwi sawa, yule mnyama p yake inatoka na pumzi. Masikio hayo yapeleke kwenye 달 na 탈. Ile ya kubana ndiyo ngeni kwetu.

Sasa, programu ya sauti husikiliza sentensi nzima na kukisia ulichokusudia. Ukisema "barakoa yangu ana miaka mitano" inaweza kuandika binti, kwa sababu binti ndiye anayeingia akilini. Wewe unadhani umetamka vizuri. Jipime na neno moja lisilo na sentensi: weka kibodi ya Kikorea kwenye simu, bonyeza maikrofoni, sema 탈 peke yake uone inaandika nini. Si kipimo kamili, lakini haikubembelezi.

KivuliChaMwembe

Mimi niliacha tamthilia zote, nikabaki na vitabu na AI. Miezi mitano nikapata daraja la 2. Tamthilia ni starehe, tusiipe jina lingine.

ChandaChema

Hongera kwa daraja, kweli. Ila yeye alishasema tamthilia ndizo zilizomfanya aipende lugha. Ukikizima kilichomleta, mwezi wa tatu atabaki na kipi cha kumkalisha mezani?

MkonoWaKushoto

Hela ukiniuliza mimi: baki na huduma ya tamthilia, AI tumia kwa kiwango chake cha bure. Programu nyingi zinaruhusu mazungumzo kadhaa kwa siku bila kulipa, na dakika kumi zenye maagizo mazuri zinatosha. Vipande atakavyoandika kwa njia ya ChandaChema ndivyo aviongelee na AI. Aiombe ibadilishe kila sentensi ya banmal kuwa ya -yo, yeye aifiche na kujaribu mwenyewe kwanza. Tovuti ya TOPIK ina mitihani ya zamani ya kupakua, na Taasisi ya Mfalme Sejong ina kozi za mtandaoni bure. Mwalimu wa kweli hata mara moja kwa wiki usimkatae ukimpata.

NyotaYaAsubuhi

Wakuu, asanteni sana, nimesoma kila neno. Wiki tatu zimepita na nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Tamthilia nimebaki nazo. Daftari nimeliandika upya lote kwa Hangul, lilinichukua siku kumi na moja, na sasa maneno mafupi nayaona kwa mkupuo badala ya kuyasoma herufi kwa herufi. Usiku nafanya kipande kimoja cha dakika moja. Cha kwanza kilikuwa na sentensi tisa, nilipata mbili. Cha juzi kilikuwa na kumi na moja, nilipata sita. Dada ChandaChema, sasa nawasikia wanapobadilisha kauli! Kuna bosi alimwongelesha mfanyakazi kwa -yo siku zote, akakasirika, akaangukia banmal ghafla, nikashtuka kabla sijajua alichosema.

Kuna kitu kinanisumbua. Mhusika anasema "hamnida", nami nimeandika hivyohivyo, kwa m. Nikafungua maandishi, kumbe ni 합니다, na ile ㅂ najua ni p. Nimerudia mara nane. Bado nasikia m. Ni masikio yangu?

FundiSauti

Masikio yako ni mazima. ㅂ ikikaa mwisho wa silabi na inayofuata ikaanza na ㄴ au ㅁ, hutamkwa m. Vivyo hivyo ㄱ huwa ng', ndiyo maana 한국말 inasikika "hangung'mal".

Na usiione ngeni. Kwetu nyumba ni nzuri lakini ni mbaya, siyo "nbaya", kwa sababu n ikikutana na b inageuka m. Tena ni ndefu, siyo "nrefu". Tofauti ni kwamba sisi tunaandika tunavyotamka, wao wanaacha neno lilivyo na kubadilisha mdomoni tu. Sasa kijaribu hiki bila kumuuliza mtu: 독립. Kisome kwa sauti, halafu sikiliza kwenye kamusi uone kama umekipata.

NyotaYaAsubuhi

"Dongnip"?

FundiSauti

Ndicho hicho. Kesho kisake 같이.