Waandaaji wa safari za kayaki milimani, mnauza tarehe na mto hamjaupima

Wakuu, nimechoka kunyamaza. Kila mvua za vuli zikikaribia, hapa Dar matangazo yanazagaa kwenye magrupu: kayaki (vimtumbwi vyembamba vya kasia) mto wa mlimani, Uluguru, Jumamosi fulani, lipa mapema, pesa hairudishwi, uzoefu hauhitajiki. Kipande gani cha mto? Hakitajwi. Daraja lake la ugumu, kati ya 1 (rahisi) na 6 (hatari kabisa)? Hakuna.

Hiyo "pesa hairudishwi" ndiyo sumu yenyewe. Tarehe imepangwa kufuata mshahara, basi limeshalipiwa, watu wameshafika. Nani atathubutu kusema maji ni makubwa leo, tugeuze? Mto wa mlimani unajazwa na mvua ya juu huku mlipo nyinyi jua linawaka. Miteremko ya mashariki ya Uluguru inanyeshewa karibu mwaka mzima, kwa hiyo utetezi wa "hatuendi wakati wa masika" hausaidii kitu. Na mnatoka Dar alfajiri siku hiyo hiyo! Barabara hadi Morogoro, kisha kupanda mlima, kisha kugawa vifaa: mnaingia majini saa 7 mchana, mawingu yakiwa yanajikusanya juu. Laleni Morogoro, muingie saa 2 asubuhi, saa 7 muwe mmeshatoka.

Kupima maji hakuhitaji mitambo. Pima upana wa mto, pima kina sehemu nne au tano upate wastani, kisha tupa kijiti uone kinatumia sekunde ngapi kwa mita 10; gawa 10 kwa sekunde hizo upate mwendo. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, halafu kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Upana mita 6, kina nusu mita, mwendo mita 1.5 kwa sekunde: ni karibu tani 3.8 za maji kila sekunde. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomsukuma mtu inakuwa mara nne. Weka alama ya kimo cha maji kwenye jiwe na uitazame. Maji yakibadilika kuwa rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vikaanza kuelea, pandeni ukingoni hapo hapo, msisubiri kumaliza kipande.

Mteremko nao unasomeka kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Hesabu mistari ya mwinuko inayokata mto, zidisha kwa mita zilizopo kati ya mstari na mstari. Ukizidi mita 20 kwa kilomita, wageni hawana shughuli pale. Wastani nao hudanganya: mita 20 zinaweza kuwa poromoko moja la mita 15 na maji tulivu kwingine. Ndiyo maana lazima mtu atembee ukingoni kwanza atafute miti iliyoanguka, mawe yaliyoliwa na maji kwa chini na mabanio ya mifereji (vizuizi vya kuchepusha maji). Mti hupitisha maji na kumbakiza mtu. Banio linaonekana dogo, lakini maji yanayoanguka chini yake hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Hapo kayaki hubebwa kwa miguu, hakuna mjadala.

Vifaa sasa. Zile kayaki za kukalia juu za ufukweni, ndefu za watu wawili, ni za Kigamboni. Kwenye mkondo mwembamba hazigeuki, zikilala kukingama kwenye jiwe maji yanazikunja. Ya mto wa mawe ina urefu wa mita 2.5 hivi, tumbo la mviringo, na mifuko ya hewa ndani. Kamba ya kufunga kasia mkononi, inayofaa baharini, mtoni inakufunga kwenye mti. Na yale maboya ya kuvaa (jaketi za kuokolea) ya chungwa ya boti za abiria humvuka mtu kichwani: mwinue mvaaji kwa mabega ya jaketi, likipanda hadi masikioni halifai. Kofia ngumu ni kwa kila mtu, siyo kwa kiongozi tu.

Na kuna wanaowaambia wateja "ukianguka simama". Huo ni ujinga unaoua! Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na hunyanyuki. Ukianguka, lala chali, miguu juu ikielekea maji yaendako, ogelea kwa mshazari kuelekea ukingo. Simama pale tu maji yasipofika magotini.

Ruhusa za msituni za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), chakula, usafiri, hayo mnayaweza. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini kwenye korongo simu inaweza isishike, kwa hiyo uokoaji wa kwanza ni wenu: kamba inayoelea ya mita 15 hadi 20 kwenye mfuko wake, mtu aliyeizoea amesimama chini ya kila poromoko kabla wa kwanza hajashuka, na njia ya kutokea kwa miguu inayojulikana.

Mwandaaji akija kujitetea hapa, aanze na mteremko wa kipande anachouza, alama ya maji atakayoahirishia safari, na jinsi atakavyorudisha pesa maji yakifikia alama hiyo.