Kupima afya kobe wa Aldabra kabla ya kuwachanganya: damu itolewe wapi, na dawa ya minyoo wapewe wote?

mlinzi_wa_gamba aliuliza:

Habari za kazi wakuu.

Hifadhi ndogo ya pwani ina kobe wa Aldabra 46. Wakubwa ni 19, waliobaki ni watoto na vijana wa umri mbalimbali. Mwakani wataongezwa 8 kutoka zizi jingine, na nia ni kuzalisha kwa ajili ya uhifadhi, siyo watalii wapige picha tu. Kabla ya kuchanganywa kila mmoja apimwe afya. Daktari wa mifugo wa wilaya yuko tayari, ila mkono wake umezoea ng'ombe na mbuzi.

Naomba msaada: damu itolewe wapi kwa kobe wa kilo 150 asiyeinulika, na kiasi gani? Majibu ya maabara yalinganishwe na nini? Na je, wapewe wote dawa ya minyoo kwanza ili tuanze na kundi safi?

---

DktMifugo_Tanga:

Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo linaloua. Kobe hapewi dawa ya minyoo iitwayo ivermektini, hata tone. Ile sindano ya mbuzi inayopatikana kila duka la dawa za mifugo, kwa kobe hupenya mpaka kwenye ubongo, misuli inalegea, pumzi inakata. Mwambie daktari hili kabla hajafungua begi. Kupe watolewe kwa kibano, mmoja mmoja.

Sasa damu. Msimwinue wala msimpindue chali. Mapafu ya kobe yako juu, chini kabisa ya gamba la mgongo, na hana kiwambo kama chetu. Ukimlaza chali, matumbo yote yanayakalia mapafu. Badala yake mkune taratibu kwenye ngozi kati ya shingo na bega, au kwenye kwapa la mguu wa nyuma. Kobe wa Aldabra aliyezoea watu husimama wima, akanyoosha miguu na shingo, akatulia hivyo. Muda huohuo mtu wa pili anafanya kazi. Fanyeni alfajiri, jua likiwa bado dogo.

Mshipa wa kwanza kuufikiria ni wa shingo. Unaanzia usawa wa sikio na kushuka hadi chini ya shingo, na wa kulia mara nyingi ndio mpana zaidi. Ukishindikana, jaribu mkono wa mbele kwenye kiwiko au mkia kwa juu. Lile eneo chini ya ukingo wa gamba, juu ya shingo, ni rahisi kulifikia na wengi wanalipenda, lakini mimi naliweka mwisho. Limfu, yaani maji meupe ya mwilini, huchanganyika na damu pale, na sindano ikienda vibaya inaweza kudhuru uti wa mgongo.

Kiasi: usizidi nusu mililita kwa kila gramu 100 za uzito kwa mwenye afya, na mgonjwa mtolee pungufu. Kwa kobe wa kilo 150 hesabu hiyo haina maana, mililita 10 zinatosha kila kitu. Ni kwa watoto ndipo penye hatari: wa gramu 60 mwisho wake ni mililita 0.3.

---

slaidi_na_hadubini:

Naongezea upande wa maabara, maana hapo ndipo kazi nzuri ya alfajiri huharibika.

Tumieni mirija yenye heparini ya lithiamu, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ile yenye EDTA, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, iacheni, seli nyekundu za kobe wengi hupasuka humo. Lakini heparini nayo hutia rangi ya buluu kwenye slaidi, kwa hiyo slaidi mbili au tatu zipakwe palepale kwa tone la damu lililobaki kwenye sindano, kabla halijagusa mrija. Zikaushwe hewani. Damu ya mrija ikae kwenye boksi la baridi bila kugusana na barafu, na plazma (maji ya damu yasiyo na seli) itenganishwe siku hiyohiyo, la sivyo potasiamu huvuja kutoka kwenye seli ukaja kusoma namba ya uongo.

Mashine ya kuhesabu seli ya hospitali msiitumie. Seli nyekundu za kobe zina kiini, mashine inazihesabu kama nyeupe. Hesabu ifanywe kwa mkono.

Tone jingine la damu tupu liwekwe kwenye karatasi ya kuchujia, likauke, liandikwe namba ya kobe, lihifadhiwe kwa DNA. Kwa kuwa kila seli nyekundu ina kiini, tone moja lina DNA tele. Msitegemee damu ya heparini kwa hili, inazuia PCR, kipimo cha kunakili DNA. Mnazalisha, mtataka kujua nani ndugu ya nani. Angalia kisiwa cha Changuu pale Zanzibar: kundi lilianza na kobe wanne tu waliotoka Shelisheli mwaka 1919. Kundi la mwanzo mdogo kama huo halizalishwi kwa kubahatisha.

Kuhusu kulinganisha: majedwali ya bustani za wanyama yapo, lakini yatumie kama uzio wa nje tu. Jike mwenye mayai yanayokua hupandisha kalsiamu, fosforasi, protini na mafuta ya damu juu sana, na wala haumwi. Kobe aliyepambana wakati wa kushikwa hupandisha kimeng'enya cha misuli, CK. Asidi ya mkojo ikiwa sawa usishangilie, kwa sababu hupanda mwishoni figo likiwa limeshaharibika sana. Kipimo cha kweli ni kobe yuleyule, mwezi uleule, mwaka jana. Ndiyo maana mwaka wa kwanza mnapima hata wale wanaoonekana wazima kabisa.

---

DktMifugo_Tanga:

Sahihi. Na kabla ya sindano kuna uzito na macho. Mizani ya magunia chini ya ubao mpana inatosha, kobe apande mwenyewe kwa kuvutwa na majani. Urefu wa gamba upimwe kwa futi ya fundi cherehani, ikifuata mgongo, na mtu awe yuleyule kila mwaka. Kuna fomula ya Jackson ya uzito kwa urefu inayozunguka mitandaoni. Ni ya kobe wadogo wa Mediterania, haiwahusu hawa.

Tazama pua (mapovu, ute), macho yaliyovimba, utando mweupe mdomoni. Bonyeza kishimo kilicho mbele ya mguu wa nyuma, utahisi mayai au jiwe la kibofu. Mkojo mweupe wenye chenga kama mchanga ni dalili ya maji kupungua mwilini. Gamba linalobonyea kwa mtoto: angalia chakula. Watalii hulisha mchicha kwa sababu kobe anaukimbilia, lakini mchicha una oksalati inayofunga kalsiamu. Chakula kikuu kiwe majani ya porini.

---

kasa_na_kobe:

Hilo la "kundi safi" naomba lisipite hivihivi. Kobe anayekula majani ana minyoo midogo ya utumbo mpana, na wingi wa wastani haumdhuru. Pimeni kinyesi kibichi, chini ya saa chache, na mtibu yule tu mwenye mzigo mkubwa pamoja na dalili, kama kupungua uzito au kuharisha. Hata fenbendazoli, ambayo watu huiona salama, imeonekana kushusha seli nyeupe za damu kwa kobe.

Wasiwasi wangu mkubwa ni hao 8. Watengwe kwa vyombo vyao, viatu vyao na mtunzaji wao. Siku 90 ndizo za chini kabisa, binafsi ningekwenda mwaka mzima. Vijiti vya pamba vya mdomoni, machoni na kwenye tundu la nyuma vipelekwe PCR ya mycoplasma, herpesi, ranavirusi na vimelea vya koksidia wanaoishi ndani ya kiini cha seli. Herpesi hujificha, jibu hasi la mara moja si cheti. Salmonela chukulieni kwamba ipo, na wekeni bomba la maji na sabuni pale wageni wanapotokea.

Msiwafuge pamoja na kobe wa bara. Kupe wa jamii ya Amblyomma wanaopanda juu yao wanaweza kubeba ugonjwa wa maji moyo wa ng'ombe na mbuzi. Kwa hofu hiyo Marekani ilipiga marufuku kuingiza baadhi ya kobe wa Afrika mwaka 2000.

Sampuli ikivuka mpaka inahitaji kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kwani kobe wa Aldabra yuko Kiambatisho cha Pili na damu nayo inahesabika. Ombeni kibali kabla ya kutoa damu, siyo baada. Na kila kobe awekewe chipu mguu wa nyuma wa kushoto, tundu lizibwe kwa gundi ya upasuaji. Changuu iliibiwa mpaka mwaka 1996 wakabaki saba.

---

mlinzi_wa_gamba:

Asanteni sana. Swali dogo: kuna majibu ya zamani ya jike mmoja, damu ilitolewa chini ya gamba juu ya shingo. PCV (asilimia ya seli nyekundu kwenye damu) 11, protini nayo chini sana. Anakula vizuri, uzito haujashuka. Ana upungufu wa damu?

---

slaidi_na_hadubini:

PCV na protini zikishuka pamoja kwa kobe anayekula, mtuhumiwa wa kwanza ni limfu iliyochanganyika na damu. Hata kalsiamu ya sampuli hiyo usiiamini. Rudia kwa mshipa wa shingo. Sirinji ikianza na maji meupe halafu damu, toa sindano, bonyeza dakika kadhaa, anza upya na sirinji mpya upande wa pili. Na kwenye fomu andika mahali damu ilipotolewa, kila mara.