Naomba ushauri: wimbo wa Fantine aimbe kwa lugha gani?

Habari zenu wapendwa. Nafundisha kwaya ya vijana, na mwezi ujao binti mmoja ataimba peke yake wimbo wa Fantine, mhusika katika tamthilia ya muziki Les Misérables. Wengi tunaujua kwa Kiingereza, kama ulivyoimbwa London 1985, ila ulianza kwa Kifaransa, Paris, 1980: "J'avais rêvé d'une autre vie" (niliota maisha mengine).

Mimi natamani sana auimbe kwa Kiswahili. Kinachonikwamisha ni mkazo. Mstari unaishia "vie", silabi moja inayovutwa. Nikiweka "maisha", mkazo uko kwenye "i" lakini inayovutwa ni "sha", neno linapinda. "Ndoto" nayo ni vilevile.

Mliowahi kutafsiri nyimbo za jukwaani, mlifanyaje? Au aimbe tu Kifaransa? Anakipenda, ila ile "r" ya kooni bado inamsumbua.